Kalsiamu Tele, Matumbawe Yamedumaa

Mifupa ya matumbawe ni chokaa. Hilo halina ubishi, na watu wa mwambao wa Afrika Mashariki walilijua karne nyingi kabla ya kuwapo maabara: mawe ya matumbawe yalikatwa, yakapangwa juu ya magogo, yakachomwa, na unga mweupe uliobaki ukajengea misikiti ya Kilwa na nyumba za Lamu na Unguja. Kwa hiyo mtu anayefuga matumbawe hai sebuleni, ndani ya tangi la maji ya chumvi, iwe Hamburg, Chicago, Dubai au Nairobi, huanza na hesabu inayoonekana haina kosa. Mfupa unahitaji kalsiamu, basi matumbawe yakidumaa yaongezewe kalsiamu. Hununua dawa ya kupimia, akasoma miligramu 400 kwa lita, akaambiwa na mwenzake kwamba 450 ni bora, akaongeza. Wiki inayofuata anasoma 450 na moyo unatulia, lakini matumbawe yamesimama palepale. Mtu huyu hajapima vibaya wala hajanunua dawa mbovu. Amekodolea macho namba isiyo na habari. Katika tangi lililowekwa sawa tangu mwanzo, kalsiamu ni miongoni mwa vitu vya mwisho kupungua. Kinachokwisha mapema ni mwenzake katika ujenzi wa mfupa, yaani kaboneti, na anayetaka kalsiamu yake ibaki thabiti inambidi afanye kazi yake kubwa kwenye kipimo kingine kabisa.

Tuanze na maji yenyewe. Lita moja ya maji ya bahari yenye chumvi ya gramu 35 kwa kilo ina kalsiamu ya miligramu 420 hivi na magnesiamu karibu 1,300. Ndani yake pia mna bikaboneti na kaboneti, ambazo ndizo hasa zinazoyawezesha maji kumeza asidi bila kuyumba. Uwezo huo ndio ualkali, na wafugaji wa matumbawe huupima kwa digrii za Kijerumani, zinazoandikwa dKH. Hapa nitaziita digrii tu. Bahari ina digrii 7 hivi. Tumbawe linapojenga mfupa huchukua chembe moja ya kalsiamu na mbili za bikaboneti, likaunda aragonaiti, ambayo ni aina mojawapo ya kalsiamu kaboneti, na katika kufanya hivyo huachia maji na kaboni dioksidi. Uwiano huo haubadiliki, maana umefungwa na umbo la mfupa wenyewe: kila miligramu 7 za kalsiamu zinazotoka katika lita ya maji huondoka na digrii 1 ya ualkali. Sasa tazama hazina mbili hizi zilivyo tofauti. Matumbawe yakitumia digrii 3 bila kurudishiwa, ualkali unashuka kutoka 7 hadi 4, karibu nusu ya akiba yote. Katika muda huohuo kalsiamu imeshuka kutoka 420 hadi 399, yaani asilimia 5. Bahari imempa tumbawe kalsiamu mara nane ya ile inayoweza kuoana na ualkali uliopo. Ni kama mama lishe mwenye magunia manane ya mchele na nyama ya kupikia pilau la gunia moja: siku wateja watakapokosa pilau, kumpelekea mchele mwingine hakutamsaidia.

Tofauti hiyo ingekuwa jambo la vitabuni tu kama vipimo vya nyumbani vingekuwa makini. Sivyo vilivyo. Kipimo cha kalsiamu cha matone, ambacho mtu huhesabu matone mpaka rangi igeuke kutoka waridi kuwa buluu, kinaweza kukosea kwa miligramu 15 au 20 bila mpimaji kuwa na kosa lolote. Tone moja la ziada, au jicho lililochelewa kuona rangi, linatosha. Miligramu 20 ni sawa na digrii karibu 3 za ualkali. Kwa maneno mengine, badiliko linaloweza kuyadumaza matumbawe linajificha lote ndani ya kosa la kawaida la kipimo cha kalsiamu, ilhali kipimo rahisi kabisa cha ualkali kingelionyesha waziwazi. Mtu anaweza kupima kalsiamu kila Jumamosi kwa mwezi mzima, akaandika 420, 410, 420, 405, akajiridhisha kwamba mambo ni shwari, huku maji yake yakielekea kufilisika. Kuna mtego wa pili hapo hapo. Kalsiamu hupanda na kushuka pamoja na chumvi. Maji yenye chumvi ya 31 badala ya 35 yatasoma kalsiamu ya 372, na hapo mfugaji atakimbilia kuongeza kalsiamu wakati kilichopungua ni chumvi yenyewe. Vipima-chumvi vya plastiki vyenye mshale unaoelea vina sifa mbaya ya kudanganya, hasa kiputo cha hewa kikinasa kwenye mshale, kwa hiyo kabla ya kuamini namba yoyote ya kalsiamu ni busara kuihoji namba ya chumvi kwanza.

Je, matumbawe yenyewe yanasemaje? Wapo waliofanya majaribio yanayofaa kusikilizwa. Mwaka 1998 Jean-Pierre Gattuso na wenzake, waliofanya kazi Monaco, walitoa matokeo ya kufuga tumbawe liitwalo Stylophora pistillata katika maji ambayo kalsiamu yake ilibadilishwa makusudi. Kalsiamu ilipokuwa chini sana, ujenzi wa mfupa ulizorota. Ilipopandishwa hadi karibu na kiwango cha bahari ujenzi uliongezeka karibu mara tatu. Ilipovushwa juu ya kiwango hicho, hapakuwa na faida zaidi. Tumbawe lilikuwa limeshiba. Mwaka uliofuata, Francesca Marubini na Brenda Thake walichapisha jaribio linalogusa upande wa pili. Waliongeza bikaboneti katika maji ya tumbawe la Porites porites la visiwa vya Karibi, kiasi cha kukaribia kuuzidisha ualkali wa kawaida mara mbili, na ukuaji wa mfupa ukaongezeka maradufu. Yasome majaribio haya mawili pamoja. Katika maji ya bahari ya kawaida, kuongeza kalsiamu hakukuleta kitu, kuongeza bikaboneti kulileta mengi. Tumbawe linaishi siku zote likiwa na kalsiamu ya kutosha na kaboneti ya kubana matumizi, na hali hiyo haibadiliki kwa kuhamishiwa ndani ya kioo.

Hapa mfugaji mzoefu atanikatiza. Atasema anajua matangi yanayokaa kwenye kalsiamu ya 480 na matumbawe yake yanastawi ajabu. Sina sababu ya kumkatalia. Lakini ukichunguza matangi ya namna hiyo utakuta mara nyingi ualkali wake nao uko juu na hauyumbi, taa ni nzuri, maji yanasukwasukwa vizuri na mtu anayeyaangalia ana nidhamu. Kalsiamu ya 480 imepanda gari moja na wafanyakazi wa kweli, kisha ikapewa sifa zao. Tena si kwamba ziada haina gharama. Maji ya bahari ya joto yana kalsiamu kaboneti mara tatu hadi nne ya kiasi ambacho aragonaiti ingeruhusu maji kubeba katika hali ya utulivu. Yanaibeba kwa sababu ya vizuizi vya kikemia nitakavyovieleza mbele kidogo. Kila unapoongeza kalsiamu bila sababu unayasogeza maji ukingoni. Ukiumimina unga wa kalsiamu kwa haraka, maji yanageuka meupe kama maziwa, vumbi la chokaa linatanda juu ya kila kitu, na ndani ya saa chache ualkali unaporomoka, maana vumbi lile limeondoka nao. Hita na pampu hushika gamba jeupe, pampu hukwama. Mfugaji aliyetaka kuongeza kalsiamu anaishia kupoteza vyote viwili, kile kilichokuwa kichache kikiumia zaidi.

Pingamizi la pili ni la watu wanaopenda mambo rahisi, nami nawaheshimu: badilisha maji mara kwa mara, na bahari mpya italeta kila kitu kwa uwiano wake. Tangi lenye matumbawe laini tu, yasiyo na mfupa wa mawe, linaweza kuishi hivyo. Lakini hesabu ya tangi lenye matumbawe magumu inashangaza kidogo. Chukua tangi lisilo na tamaa, linalotumia sehemu moja ya kumi ya digrii kwa siku, yaani 0.7 kwa wiki, na mwenye tangi anabadilisha asilimia 20 ya maji kila wiki kwa maji yenye digrii 7. Maji mapya yanarudisha asilimia 20 tu ya pengo lililopo, na pengo linaendelea kupanuka mpaka asilimia 20 yake iwe sawa na kile kinachotumika. Pengo hilo ni digrii 3.5. Baada ya miezi mitatu hivi, tangi lile litakuwa linafika siku ya kubadilisha maji likiwa na ualkali wa 3.5, nusu ya bahari, na kalsiamu ya 395. Kwa kweli matumbawe yatapunguza mwendo kabla ya kufika huko, na kupunguza mwendo huko ndiko kudumaa tunakokuzungumzia. Unga wa chumvi wa dukani wenye ualkali wa 10 au 11 huliziba pengo kwa kiasi, ndiyo maana wengine huona njia hii inafanya kazi bila kujua ni kwa nini. Tangi lililojaa matumbawe yanayokua kwa kasi hutumia digrii nzima au mbili kwa siku, na hapo ndoo za maji hazifui dafu.

Msomaji wa Tanga au Malindi ana toleo lake la pingamizi hilo: bahari iko mlangoni, si nichote tu? Maji ya bahari kuu yakichotwa mbali na midomo ya mito, nje ya msimu wa mvua za masika zinazoshusha chumvi na kuleta tope, ni mazuri kuliko unga wa paketi. Ila hesabu ni ileile, kwa kuwa yana digrii 7 zilezile. Mwamba wa baharini hauishi kwa akiba. Kila bamvua na kila maji kujaa huleta maji mapya kwa kiasi ambacho hakuna ndoo itakayokifikia, kiasi kwamba matumbawe hayapati nafasi ya kuyamaliza. Tangi ni dimbwi lililofungwa. Na kwa kuwa tumetaja mwambao, ieleweke pia kwamba kuokota tumbawe hai na kulipeleka nyumbani si jambo la kujiamulia tu: matumbawe magumu yote yamo katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES wa biashara ya viumbe walio hatarini, na sheria za uhifadhi za nchi zetu zinayalinda.

Wengine wamepumzika kwa imani kwamba mchanga wa matumbawe uliotandazwa chini ya tangi utayeyuka polepole na kulisha maji. Mchanga hauyeyuki katika maji ambayo tayari yamebeba chokaa kupita kiasi chake. Ungeyeyuka kama maji yangekuwa na asidi zaidi, lakini kabla ya kufika huko mifupa ya matumbawe hai ingekuwa taabani. Basi tuuache mchanga ufanye kazi yake ya kupendeza na kuhifadhi bakteria.

Kinachotakiwa ni njia ya kurudisha vitu viwili kwa uwiano uleule vinaotoka nao, kila siku, kidogo kidogo. Njia ya kale katika fani hii ni maji ya chokaa, ambayo mfugaji Peter Wilkens aliyaeneza miongoni mwa wafugaji wa Ulaya miaka ya 1970, wakati ambapo matumbawe magumu yalionekana ni viumbe wa kufa ndani ya matangi. Chokaa inayotumika ni ile iliyozimwa kwa maji, kalsiamu haidroksidi. Koroga kijiko katika lita ya maji safi yaliyochujwa, acha itulie, tumia maji maangavu ya juu. Lita moja hubeba gramu 1.5 au zaidi kidogo, na maji ya moto hubeba pungufu kuliko ya baridi, kinyume na sukari. Uzuri wake hauko katika kalsiamu. Uko katika haidroksidi, ambayo ikikutana na kaboni dioksidi iliyoyeyuka ndani ya tangi hugeuka kuwa bikaboneti na kaboneti, kiasi kwamba kila miligramu 7 za kalsiamu zinaingia na digrii 1 ya ualkali, sawasawa na zilivyotoka. Mfugaji hawezi kukosea uwiano hata akitaka. Chokaa hiyo pia huinua pH, ambayo katika nyumba zilizofungwa madirisha huwa chini, na huweza kunasa fosfeti kidogo.

Mpaka wake ni wingi wa maji. Maji ya chokaa huingizwa kuchukua nafasi ya maji yaliyopotea kwa mvuke, la sivyo tangi litafurika au chumvi itapungua. Tangi la lita 300 linalopoteza lita 3 kwa siku litapokea kupitia lita hizo tatu digrii 1.1 na kalsiamu ya miligramu 8 kwa lita. Kwa tangi la wastani hiyo inatosha na kubaki; kwa tangi lililosongamana haitoshi. Lazima yadondoke tone kwa tone, ikiwezekana usiku, kwa sababu pH yake ni zaidi ya 12 na kikombe kizima kikimwagwa kwa mara moja kinaweza kuua samaki. Chombo chake kifunikwe. Kikiachwa wazi, hewa ya chumbani hugeuza chokaa kuwa utando mweupe juu ya maji, na nguvu yake ndiyo hiyo imekwisha. Macho na ngozi vikingwe. Usafi wa chokaa nao una uzito wake. Ile ya duka la vifaa vya ujenzi huwa na magnesiamu haidroksidi na takataka nyingine zisizoandikwa kwenye mfuko, na mtu asidhani kwamba kwa kuwa wazee wanapaka chokaa kwenye tambuu basi yoyote itafaa. Itafutwe ya daraja la chakula au la maabara. Inanipendeza, hata hivyo, kuona duara lilivyojifunga hapa. Mafundi wa mwambao walichoma tumbawe, moto ukafukuza kaboni dioksidi, maji yakaizima chokaa, na ukutani ikairudia hewa polepole ikawa jiwe tena. Mfugaji wa tangi anaikatiza safari hiyo katikati, akaipeleka chokaa ndani ya maji ili tumbawe ndilo liirudishe kuwa jiwe. Kuna tofauti moja tu kubwa: kule kisiwani Mafia uchimbaji wa matumbawe kwa ajili ya matanuri ya chokaa uliacha miamba iliyobomoka, wakati chokaa ya tangi siku hizi hutoka kwenye machimbo ya nchi kavu.

Njia nyingine zinafuata mantiki ileile. Ipo mashine inayopitisha kaboni dioksidi kutoka mtungi kwenye kasha lenye vipande vya matumbawe makavu; ndani ya kasha pH hushushwa hadi karibu 6.5, vipande vinayeyuka, na maji yanayotoka yamebeba kalsiamu na ualkali kwa uwiano wa mfupa, maana ni mfupa wenyewe uliorudi kuwa maji. Huhitaji marekebisho ya mkono stadi na hushusha pH ya tangi kidogo. Matangi makubwa yanaipenda. Matangi ya kawaida leo hutumia zaidi chupa mbili, moja ya kalsiamu kloridi na nyingine ya sodiamu kaboneti au bikaboneti, zinazoingizwa na pampu ndogo kwa saa tofauti na pahali tofauti ili zisikutane kabla ya kuchanganyika na maji mengi. Mjerumani Hans-Werner Balling ndiye ambaye jina lake limebaki kwenye njia hii, naye aliona tatizo ambalo wengi hulisahau: kalsiamu na kaboneti zinaishia kwenye mfupa, lakini sodiamu na kloridi zinabaki majini, nazo zikiungana ni chumvi ya mezani. Tangi linalotumia digrii 1.1 kwa siku litakusanya kwa njia hii zaidi ya gramu 8 za chumvi kwa lita katika mwaka, kama hakuna maji yanayobadilishwa. Ndiyo maana njia yake kamili ina sehemu ya tatu, mchanganyiko wa madini ya bahari usio na chumvi ya kawaida. Kwa upande wa bikaboneti, ya kupikia iliyo safi inafaa, lakini magadi ya sokoni yasitumike. Magadi ya Ziwa Magadi na Natron kweli ni kaboneti na bikaboneti za sodiamu, ila huja na floridi nyingi na tope la ziwa.

Nimeahidi kusema ni kitu gani kinachoyazuia maji ya bahari yasigande kuwa chokaa yenyewe. Sehemu kubwa ya jibu ni magnesiamu. Kila punje ya kalsiamu kaboneti inapoanza kujikusanya, magnesiamu huiparamia na kuichafulia umbo, isiweze kukua. Magnesiamu ikishuka sana chini ya 1,300, mlinzi ameondoka, na mfugaji ataongeza kalsiamu na ualkali wiki baada ya wiki bila chochote kupanda, kwa kuwa vyote vinagandia kwenye hita. Ukiona hali hiyo, acha chupa mbili na upime magnesiamu kwanza.

Haya yote hayamaanishi kwamba kalsiamu ipuuzwe. Kuna hali ambapo ndiyo kweli iliyopungua: unga wa chumvi uliotoka kiwandani na upungufu, mtu aliyelisha ualkali peke yake kwa miezi, pampu moja kati ya mbili iliyoziba bila kugunduliwa. Kwenye jaribio la Monaco tumbawe lilizorota kalsiamu iliposhuka mno, na sioni sababu ya kuiacha ishuke chini ya 380. Hapo irekebishwe kwa hesabu na si kwa kijiko cha kubahatisha. Kupandisha miligramu 20 kwa lita katika tangi la lita 200 kunahitaji gramu 15 hivi za kalsiamu kloridi ya kawaida yenye maji ndani ya fuwele zake, iliyoyeyushwa kando na kugawanywa kwa siku moja au mbili. Kupandisha ualkali kwa digrii 1 katika tangi hilohilo kunahitaji gramu 6 za bikaboneti. Baada ya hapo urudi kwenye dozi zenye uwiano, upime ualkali kila siku mpaka ujue tangi lako linatumia kiasi gani, kisha mara mbili au tatu kwa wiki, saa ileile. Kalsiamu itazamwe mara moja au mbili kwa mwezi, magnesiamu hata kwa nadra zaidi. Wala ualkali usigeuzwe kuwa kalsiamu mpya ya kushindania. Jaribio la Marubini na Thake linaweza kumshawishi mtu kupandisha hadi digrii 12, lakini katika matangi yenye naitreti na fosfeti chache sana wafugaji wengi wameona ncha za matumbawe zikiungua ualkali ukiwa juu. Kati ya 7 na 9, bila kuyumba, ni mahali pa salama, na kutoyumba kuna thamani kuliko namba yenyewe.

Anayeona bado hoja hii ni ya wakemia wa sebuleni aitazame bahari. Tangu viwanda vilipoanza, kaboni dioksidi tunayoitoa imeyeyuka majini na kushusha pH ya tabaka la juu kutoka karibu 8.2 hadi karibu 8.1. Kalsiamu ya bahari haikupungua. Kilichopungua ni kaboneti, kwa kuwa kaboni dioksidi huigeuza kuwa bikaboneti, na ni kwa upungufu huo wanasayansi wanahofia ujenzi wa miamba kutoka Great Barrier Reef hadi Mafia, pamoja na joto ambalo mwaka 1998 lilipausha na kuua matumbawe mengi ya Kenya na Tanzania. Jambo hilohilo hutokea katika chumba chenye watu wengi na madirisha yaliyofungwa kwa baridi: pumzi zao zinaingia kwenye maji, pH inashuka, kaboneti inapungua, na kipimo cha kalsiamu kinaendelea kusoma 420. Kwa mfugaji wa nchi za baridi, kufungua dirisha, au kupitisha mpira wa hewa kutoka nje hadi kwenye chombo kinachotoa povu na uchafu majini, mara nyingi huyasaidia matumbawe kuliko chupa nyingine ya kalsiamu.